Nenda Kapumzike, Glenys

Merv Hiller hakuwa mwanamume wa kumwambia mkewe akapumzike. Katika miaka thelathini na moja ya ndoa yao alikuwa amemwambia mengi, mengine matamu, mengine ya kumtoa machozi, lakini neno hilo halikuwahi kumtoka. Kwa hiyo Jumanne ile, alipoisukuma sahani yake ya nyama ya kondoo, akafuta mdomo na kusema, "Nenda na Coralie Melbourne. Siku tatu tu. Mama yako nitamwangalia mimi," Glenys aliweka uma chini, akamtazama kama muuza duka anavyoitazama noti anayoishuku.

"Wewe?"

"Mimi. Kwani mimi sina mikono?"

"Unayo. Ila sijawahi kuiona ikimvua mtu mzima nepi."

Merv alicheka kicheko kifupi kisichofika machoni. Alikuwa fundi wa mashine za kuvunia ngano, mtu mnene, mpole, mbahili wa maneno na wa petroli. Mwishoni mwa meza alikaa Ida, mama yake Glenys, mwenye miaka themanini na minne, redio yake ndogo imebandikwa karibu na sikio ikipiga kelele za mbio za farasi. Redio hiyo haikuzimwa tangu alfajiri hadi usiku. Miaka mitatu sasa akili ya Ida ilikuwa inakuja na kwenda kama umeme wa jenereta bovu. Siku nyingine alimjua kila mtu. Siku nyingine alimwita Merv "yule fundi" na kuuliza atamaliza kazi lini ili arudi kwao.

"Na Coralie mwenyewe anajua kwamba naenda naye?" Glenys aliuliza.

"Alipiga simu ulipokuwa unamwogesha mama. Anasema akina Tarrant wanapiga muziki Jumamosi. Wale wa enzi zenu. Na Ijumaa kuna okestra na kwaya kwenye ukumbi mkubwa. Tiketi anazo."

"Tiketi anazo," Glenys alirudia polepole. "Mtu ambaye Krismasi alinitumia kadi yenye jina la mume wake wa kwanza, akalikata kwa kalamu."

"Glen, nenda kapumzike. Watu wanapumzika."

Ida aliinua macho kutoka kwenye redio. "Aende," alisema. "Aende akasikilize muziki. Fundi ataniangalia."

Usiku ule Glenys hakulala upesi. Alijiambia kwamba mume anapoanza ghafla kumwonea mkewe huruma, mke mwenye akili hukagua nyumba yake.

*

Coralie Dunstan alifika Ijumaa saa mbili asubuhi na kigari chake chekundu, akapiga honi kama tarishi wa mjini. Walikuwa wamesoma pamoja hapohapo Horsham, wakaimba pamoja kwaya ya kanisa, na wakiwa na miaka kumi na tisa walitoroka kwenda Melbourne kuwasikiliza Ndugu wa Tarrant, bendi waliyoipenda, wakalala ndani ya gari siku mbili, wakarudi nyumbani sauti zimewakauka. Baadaye Coralie akawa muuguzi, akahamia Ballarat, akaolewa mara mbili, akaachika mara mbili, na mara zote akacheka. Tena ni yeye aliyecheza dansi na Merv kwanza, kwenye harusi ya watu, kabla hajamsukumia Glenys akisema, "Mchukue wewe, huyu ananikanyaga." Kwa miaka yote hiyo lilikuwa jambo la utani. Asubuhi ile Glenys hakuliona la utani.

Maana Merv alitoka nje kabla gari halijazima. Akabeba begi la mkewe, yeye ambaye hata kwenye fungate yao alilibeba lake tu. Akamwinamia Coralie dirishani, wakasemezana maneno mawili matatu kwa sauti ya chini.

Na Ida alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, lile la bluu lenye vifungo vya lulu. Ijumaa. Saa mbili asubuhi.

"Nani amemvalisha hili?"

"Alilitaka mwenyewe," Merv alijibu, akiangalia matairi ya Coralie kana kwamba ameagizwa ayakague.

Ida alimkumbatia binti yake mlangoni. Alikuwa mwepesi, akinukia sabuni na biskuti. Alimshikilia muda mrefu kuliko kawaida, kisha akamgonga mgongoni mara mbili, kama mtu anavyomgonga farasi aanze kutembea.

Walipoipita Stawell, mashamba ya ngano yakiwa bado kijani pande zote mbili, Coralie alikuwa ameshasimulia magoti yake, mpangaji wake, na daktari wa meno aliyemtongoza mdomo ukiwa wazi.

"Shoga, umenyamaza hivyo kwa nini? Mimi nazungumza na kiti?"

"Nasikiliza."

"Husikilizi. Unapiga hesabu. Nakujua wewe, ukipiga hesabu unatafuna shavu kwa ndani."

"Mlikuwa mnasemezana nini na Merv?"

"Alikuwa ananiambia nisiendeshe kasi." Coralie aliwasha redio ya gari. "Mumeo ananiogopea mimi, au anakuogopea wewe, sijui."

Beaufort walisimama kula pai. Simu ya Coralie ikalia juu ya meza, ikizunguka kwenye makombo. Aliigeuza kifudifudi haraka, lakini Glenys alikuwa ameshaliona jina. Herufi nne tu, na hazihitaji miwani. Coralie alitoka nayo nje, akasimama karibu na pipa la taka akiwa amewapa mgongo watu wa ndani, akitikisa kichwa, akitikisa tena.

Aliporudi alisema, "Mpangaji wangu. Bomba limepasuka."

Glenys alimeza kipande cha pai bila kukitafuna. Rafiki anayedanganya kuhusu bomba, aliwaza, hana bomba analolificha.

*

Hoteli haikuwa kubwa, lakini ilikuwa na zulia mapokezi na maua halisi. Kijana wa kike wa mapokezi, kucha zake ndefu zikigongagonga vitufe, aliinua kichwa akatabasamu.

"Chumba kimeshalipwa chote. Bwana M. Hiller. Na wewe mama ndiye mgeni wa Bwana Hiller?"

Swali lilielekezwa kwa Coralie.

Coralie alikuwa amepaka rangi ya mdomo, alikuwa na skafu ya hariri. Glenys alikuwa na koti analovaa kwenda kantini ya shule alikopika siku moja kwa wiki jirani akimkalia Ida, na mfuko wa plastiki wenye viatu vya akiba.

"Mimi ndiye mkewe," Glenys alisema.

"Oh! Samahani sana, mama."

"Usijali. Hata mimi nilikuwa nadhani ni huyu."

Ndani ya lifti Coralie alicheka mpaka akajishika ukuta. Glenys hakucheka. Merv, anayetumia jani moja la chai mara mbili, aliyekataa kununua pazia jipya kwa sababu la zamani "bado linazuia jua", amelipa hoteli ya usiku mbili na hakumwambia. "Ulisema umepata punguzo," alimwambia mwenzake.

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema hivyo jana kwenye simu."

"Basi Merv ndiye punguzo lenyewe. Glenys, mwanamume amekufanyia jambo jema, mbona unalichungulia kama samaki aliyelala?"

"Kwa sababu nimeishi naye. Wewe hujaishi naye." Akauhamishia mfuko wa viatu mkono wa pili. "Au?"

Lifti ilifunguka. Coralie alimtazama, kicheko kimeganda usoni. Kisha akatoka na begi lake.

*

Ukumbi ulijaa. Kulikuwa na wanawake waliovaa mikufu na wanaume waliokohoa kwa adabu, na kabla ya kuanza Coralie alimshika mkono akamwambia azime simu, azime kabisa, si kuinyamazisha tu.

"Mama akihitaji kitu je?"

"Merv yupo. Zima."

Alizima. Okestra ilianza taratibu, fidla chache tu, halafu kwaya ikasimama, watu themanini wakavuta pumzi moja. Glenys hakuwa ameketi saa nzima bila kuitwa jina tangu hakumbuki lini. Mwili wake haukuamini. Kila baada ya dakika chache misuli ya miguu ilikaza yenyewe, tayari kusimama, maana kwa miaka mitatu haikupita nusu saa bila Ida kuita, au kuanguka, au kufungua jiko la gesi.

Na sauti zilipopanda, likapanda na lile alilolizika.

Ilikuwa Agosti, bafuni. Ida alikuwa hataki kuoga, alikuwa amechafuka, alikuwa anapiga kelele kwamba mwanamke asiyemjua anamwibia nguo. Glenys alikuwa amelala kwa saa mbili tu usiku uliotangulia. Ida akamtemea mate. Na mkono wa Glenys ukainuka wenyewe ukampiga mama yake kofi la shavu, kofi zima, la sauti. Maji yakitiririka. Ida hakulia. Alimtazama tu binti yake, na macho yake wakati ule hayakuwa ya mgonjwa hata kidogo. Glenys alimpigia magoti, akamwogesha, akamvalisha, akamkaangia yai. Jioni Ida alikuwa amesahau, alikuwa anauliza yule fundi ataondoka lini. Mlango ulikuwa umefungwa. Merv alikuwa kazini. Hakuna aliyejua, na Glenys aliapa hakuna atakayejua mpaka anaingia kaburini.

Watu walipiga makofi. Yeye alikuwa na mikono yake chini ya mapaja, ameikalia.

Wakati wa mapumziko Coralie alisema anakwenda msalani. Glenys alingoja, kisha akamfuata. Hakumkuta msalani. Alimkuta nyuma ya nguzo kwenye ngazi, simu sikioni.

"Amekula?" Coralie alikuwa anasema. "Vizuri... Hapana, hapana, hajashtukia kitu. Mpaka Jumapili, Merv, kama tulivyokubaliana. Nitamshikilia hapa."

Glenys alirudi kwenye kiti chake kabla yake. Kwaya iliimba tena, na kwa kadiri alivyosikia yeye, ingeweza kuwa ng'ombe wanakwenda mnadani.

*

Asubuhi Coralie akiwa anaoga, alipiga simu nyumbani. Ilikuwa saa nne kasoro.

"Hujambo Glen," Merv alisema. "Vipi muziki?"

"Mzuri. Mpe mama simu."

"Amelala."

"Saa nne? Mama?"

"Alichoka jana. Nikamwacha."

Glenys alitega sikio. Alisikia jokofu la jikoni likinguruma. Alisikia saa ya ukutani. Alisikia hata mbwa wa jirani. Kile ambacho hakukisikia kilimfanya ashike ukingo wa kitanda.

"Merv. Redio iko wapi?"

Alimsikia Merv akivuta kiti.

"Nimekuuliza redio ya mama iko wapi."

"Betri zimeisha," Merv alisema. "Nitanunua. Glen, furahia. Kwaheri," akakata.

Alikaa kitandani akijenga picha. Merv na Coralie wamepatana. Nyumba inauzwa? Mama amekufa na wanamficha mpaka arudi? Hapana, mtu hamwambii mkewe afurahie muziki huku mama mkwe amekufa. Basi ni lile la kwanza: wamemleta hapa waje kumwambia kwa upole, mahali penye watu, ili asipige kelele. Watu wa mashambani hawapigi kelele mbele za watu, na wote wawili walijua hivyo. Alipoufikia mwisho huo alijisikia karibu ametulia. Usaliti wa mume ni kitu kinachojulikana sura yake. Dada yake aliwahi kuupitia, na shangazi yake pia.

Coralie alitoka bafuni na taulo kichwani. "Leo akina Tarrant! Vaa kitu chenye rangi, mwenzangu, usinivalie lile koti la kantini."

"Nitavaa koti langu," Glenys alisema.

*

Baa ilikuwa Brunswick, na muziki ulianza saa tisa mchana, maana wapigaji wenyewe walikuwa wamevuka sabini na usiku walitaka kulala. Walikuwa wanne zamani. Sasa walibaki wawili na mjukuu mmoja kwenye ngoma. Mkubwa wao alipigia gitaa kwenye kiti, miguu imevimba. Lakini alipofungua kinywa, baa nzima ya watu wenye mvi iliinuka, na Coralie akapiga ukelele uleule wa miaka kumi na tisa, akamvuta Glenys kwa mkono.

"Imba! Huu ulikuwa wako!"

Glenys alibaki ameketi. "Ni tangu lini?"

"Nini?"

"Wewe na Merv. Ni tangu lini?"

Coralie hakusikia, au alijifanya. Glenys alisimama, akasema kwa sauti ya kushinda gitaa, na bahati mbaya gitaa likasimama hapohapo:

"Nakuuliza umelala na mume wangu tangu lini!"

Meza tatu ziligeuka. Mwanamume mmoja mwenye bia aliishusha taratibu. Jukwaani mzee Tarrant alikohoa kwenye kipaza sauti, akasema, "Ngoja basi tupige wa polepole," na watu wakacheka, na Glenys akahisi uso wake unaungua mpaka masikioni.

Coralie alimshika kiwiko akamtoa nje, wakasimama uani pa wavuta sigara kando ya mapipa ya bia. Tramu ilipita ikipiga kengele.

"Nimelala na Merv?" Coralie alisema. Akarudia, kama mtu anayeonja chakula kigeni. "Na Merv! Yule anayekunja soksi zake!" Akaanza kucheka, kisha kicheko kikamgeuka, akawa anafuta macho kwa skafu. "Kaa chini, Glen."

"Sikai."

"Basi simama. Mama yako hayuko nyumbani. Amehamia nyumba ya wazee, ile nyuma ya hospitali. Tangu jana saa nane mchana."

Ndani ya baa wimbo wa polepole ulikuwa umeanza.

"Mmemtupa," Glenys alisema. "Mmenileta huku kunilisha pai na muziki, mmemtupa mama yangu kama kiti kibovu."

"Sikiliza."

"Mtia sahihi wake ni mimi! Mwenye mamlaka ni mimi! Mmeghushi?"

"Ametia sahihi mwenyewe. Nilikuwepo. Na daktari alikuwepo, akamuuliza maswali yake yote, na siku ile alijibu, mpaka jina la waziri mkuu, na tusi juu yake." Coralie alivuta pumzi. "Wiki tatu zilizopita ulipokuwa kantini. Merv ndiye aliyeniita, alisema mama anataka kuzungumza na muuguzi asiyekuwa wa hapa. Nikaja. Alinikalisha jikoni, akazima redio yake kwa mkono wake. Unajua alichoniambia?"

"Mama hakumbuki hata jina la Merv."

"Aliniambia, 'Nitoeni humu kabla binti yangu hajajichukia.'"

Glenys aligeuza uso, akatazama mapipa.

"Alitueleza habari ya bafuni," Coralie alisema kwa upole. "Merv anajua. Mimi najua. Hakuna aliyekuhukumu."

"Alisahau," Glenys alinong'ona. "Jioni ileile alikuwa amesahau."

"Hilo hakulisahau. Akasema, 'Glenys hatakubali. Ataniweka mpaka tufe wote wawili. Mtoeni yeye kwanza, ndipo mnitoe mimi. Mpelekeni kwenye muziki.' Hoteli Merv alilipa kwa pesa za ile boti aliyokuwa anaiwekea akiba. Nami nikadanganya, ndiyo. Nimedanganya siku mbili, na sikuwahi kudanganya vibaya hivi tangu ndoa yangu ya pili."

"Twende nyumbani."

"Nimekunywa glasi mbili, Glen. Kesho asubuhi."

"Basi usiniguse mpaka kesho asubuhi."

Hawakuongea tena siku ile. Usiku kila mmoja alilala akiutazama ukuta wake, na Glenys alikuwa anawashuku bado, maana mtu akishazoea kushuku, ukweli peke yake haumponyi. Huenda walimshika mama mkono wakaandika. Huenda daktari alikuwa mtu wao. Huenda maneno yale ya jikoni ni ya Coralie mwenyewe, fundi wa maneno tangu utoto. Aliyapindua yote mpaka alfajiri. Jambo moja tu halikupinduka: la bafuni hakuna aliyelijua ila wawili, na yeye hakusema.

*

Jumapili saa sita mchana Merv alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya nyumba ya wazee, kofia mapajani. Alipoliona gari jekundu alisimama, kisha akakaa, kisha akasimama tena. Coralie alibaki ndani ya gari.

Glenys alisimama mbele ya mumewe. Alikuwa ameandaa maneno tangu Ballarat, na sasa yalikuwa yamebaki machache.

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Ningekataa mbele ya uso wako, na wewe ungenikatalia mbele ya wangu. Ndivyo watu waliooana wanavyofanya. Siyo kunisafirisha kama mzigo."

"Nilijaribu, Glen. Mara mbili. Mwaka jana ulinirushia birika."

Hilo lilikuwa kweli.

"Niliposikia habari ya bafuni," Merv alisema, macho kwenye kofia, "nilikwenda karakana nikakaa ndani ya mashine ya watu saa nzima. Si kwa hasira na wewe. Nilikuwa nalala chumba cha pili, nasikia unaamka mara nne, mara tano, nami najigeuza. Kila usiku. Najigeuza." Alikohoa. "Kwa hiyo sitaki uniambie asante. Na ukitaka kunichukia, nafasi ipo."

"Nitafikiria," Glenys alisema, akaingia ndani.

Mapokezi mhudumu mwenye umri wa kuwa binti yake alimpa kalamu ajiandikishe kwenye kitabu. Palikuwa na safu ya jina, safu ya saa, na safu ya uhusiano. Miaka mitatu Glenys alikuwa amejua saa ya kila choo cha mama yake, na sasa anajiandika kitabuni kama mtu aliyekuja kusoma mita. Akaandika "binti". Mhudumu akamwandikia kibandiko, akambandikia kifuani: MGENI.

Chumba kilikuwa kidogo na safi. Ida alikuwa kwenye kiti cha dirishani, redio sikioni. Kitanda kilitandikwa na mtu anayejua. Gauni la bluu lilitundikwa kwenye kabati, na mama alikuwa amevaa sweta ambalo Glenys angelichagua yeye mwenyewe.

"Umekuja," Ida alisema.

"Nimekuja, mama. Nimekuja kukuchukua."

Ida alimtazama kwa muda. Haikujulikana kama ni siku nzuri au siku mbaya, na Glenys, aliyezoea kusoma uso ule kama wakulima wanavyosoma mawingu, safari hii hakuusoma.

"Mama, niambie kweli. Walikulazimisha?"

"Nani?"

"Merv na Coralie."

"Fundi?" Ida aliguna. "Fundi hawezi kumlazimisha mtu. Alilia ndani ya gari mpaka nikamwambia asimamishe, tutagonga nguzo."

Glenys alikaa ukingoni mwa kitanda. Alitaka kusema neno la Agosti. Miezi miwili alikuwa amelibeba, na hapa ndipo mahali pake, mlango umefungwa, hakuna wa kusikia. Alifungua mdomo. "Mama, bafuni, siku ile..."

Mlango uligongwa. Aliingia mwanamke mnene mwenye sare, taulo begani, mchangamfu. "Haya Bibi Ida, muda wa kuoga, mrembo wangu. Au tumwache mgeni kwanza?"

Glenys alikuwa ameshasimama. Miguu ilisimama yenyewe, mikono ilishakunja mikono ya koti. "Nitamwogesha mimi. Hapendi maji yakianzia kichwani. Anaogopa. Inabidi uanze na miguu, umwambie kila unachofanya..."

"Kaa," Ida alisema.

"Mama, huyu hajui..."

"Atajua. Nimemwambia." Ida alijiinua kwenye kiti, akamshika yule mwanamke mkono, akapita mbele ya binti yake polepole. Mlangoni alisimama akageuka. "Wewe kaa hapo. Nikirudi nitakuwa msafi, nawe utaniambia waliimba nini."

Mlango wa bafuni ulifungwa. Maji yalifunguliwa. Glenys alisikia sauti ya yule mwanamke, "Naanza na miguu, Bibi Ida, sawa?" na ya mama yake ikijibu kitu, na hakukuwa na kelele yoyote. Alingoja kelele. Aliingoja muda mrefu, mabega yamekaza, na haikuja. Hapo ndipo alipolia, akiwa na kile kibandiko kifuani, kwa sauti ya chini, mdomo kwenye mkono wa koti, ili huko ndani wasimsikie.

Kisha akapangusa uso, akavuta kiti kingine karibu na dirisha, akaanza kujaribu kukumbuka kwaya iliimba nini Ijumaa. Hakukumbuka hata mstari mmoja. Akatoka mbio hadi kwenye maegesho, akagonga kioo cha gari jekundu.

"Coralie," alisema, akihema. "Waliimba nini? Upesi. Niimbie."

Coralie alishusha kioo, akamtazama usoni, akaona asiulize. Akaanza kuimba palepale, mikono kwenye usukani, na Merv akasimama benchini na kuvua kofia kama yuko kanisani. Glenys aliinama dirishani akisikiliza, akifuata kwa midomo, mpaka alipoushika wimbo.